Fahamu: Kwa nini proksi isiachwe wazi
Novemba 2024, Telegram ilipofungwa Kenya wakati wa mtihani wa KCSE, wengi walikimbilia VPN na proksi za bure.

Proksi ni nini? Ni seva ya kati. Kwa mfano, kompyuta za saiba moja huko Sosiot, Kericho, huiomba kurasa, nayo huzichukua mtandaoni kwa niaba yao.

Hatari iko wapi? Proksi yako ikiachwa wazi, mgeni yeyote anayetafuta proksi ya bure anaweza kupitia humo, na uhalifu wake huonekana umetoka kwako.

Utaifungaje? Squid, programu maarufu ya proksi, kwa kawaida husikiliza kwenye mlango wa mtandao (port) 3128. Ruhusu anwani za ndani tu, mathalani 192.168.1.0/24, kanuni ya mwisho iwe “http_access deny all”. Ziba mlango huo upande wa nje, na usisahau kusasisha programu.