Kuinuka Mkekani Bila Kushika Ukuta

Ukipanda matatu ya Mishomoroni kutoka mjini Mombasa, watazame dereva na makanga wake. Dereva amekaa tangu alfajiri, na wengine tumbo limeshakaribia usukani. Makanga anashuka, anaita abiria, anakimbiza gari, anadandia tena. Gari ni moja, lakini miili hiyo miwili haizeeki sawasawa. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo ya kuwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, wakakuta madereva wakipata maradhi ya moyo zaidi ya makonda waliopanda na kushuka ngazi kutwa kucha. Makonda wale hawakuwa wanamichezo. Walikuwa wakikata tiketi.

Nimeanza na hao kwa sababu huku Kisauni neno mazoezi limeshatekwa na vijana wa kunyanyua vyuma. Mwambie mama wa miaka 60 na kitu afanye mazoezi, atakucheka: akimbie wapi? Kando ya barabara pamejaa vibanda, tuktuk zinageuza popote, bodaboda zinapita hata pale mtu alipodhani ni njia ya miguu. Alfajiri, saa ambayo jua bado ni la kustahimilika, ina hofu zake. Habari za vijana wenye mapanga kila mkazi amezisikia. Kumshauri mama wa buibui atoke peke yake saa kumi na moja akakimbie ni ushauri wa mtu asiyelala hapa. Ufuo wa Jomo Kenyatta kule Bamburi ni mzuri, bustani ya Mama Ngina nayo inapendeza, ila kote huko kunataka nauli.

Basi turudi nyumbani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Hilo wengi wamelisikia. Linalosahaulika ni la pili: aliyefika miaka 65 anatakiwa pia afanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku 3 au zaidi kwa wiki. Misuli huanza kupungua mapema, na baada ya miaka 60 kasi huzidi. Mapaja ndiyo hutoa habari kwanza.

Mtazame mtu mzima anavyoinuka mkekani baada ya kula. Mkono mmoja chini, wa pili kwenye goti, kisha unatafutwa ukuta, na "yaa Rabbi" ya kumsindikiza. Mama huyo huyo zamani aliinuka na sinia mkononi. Huko Brazil, Claudio Gil Araújo na wenzake waliwapima watu 2,002 wa miaka 51 hadi 80 kwa jambo hilo hilo: kaa chini, inuka, na kila ukiegemea mkono au goti unapunguziwa alama. Matokeo yao ya 2012 yalionyesha kwamba waliopata alama chache walifariki kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata. Si kwamba mkeka unaongeza umri. Kuinuka chini kunataka nguvu, wepesi na mizani kwa pamoja, na vikipungua mwili unasema.

Sisi tulivipata vyote hivyo bila kulipa hata shilingi. Mbuzi ya kukunia nazi ilimkalisha mtu karibu na ardhi, jiko la makaa likamwinamisha, maji yakabebwa kwa mitungi. Sasa nazi inakunwa sokoni kwa mashine, kuna sofa, na kutoka nyumbani hadi dukani kuna tuktuk. Simlaumu mtu, anayetamani kubeba maji maisha yake yote hajawahi kuyabeba. Lakini kazi ile ikiondoka, kitu kingine sharti kishike nafasi yake.

Na hujachelewa. Mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake huko Boston walichapisha habari za wazee wa umri wa miaka 90 hivi, wakaazi wa nyumba ya kutunzia wazee, waliofanyishwa mazoezi ya uzito kwa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu.

Kwa hiyo weka kiti kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani, kunja mikono kifuani, simama na ukae mara kumi polepole. Chai ikichemka, shika dirisha unyanyuke kwa vidole vya miguu. Mitungi miwili ya lita tano, mmoja kila mkono, inatosha kwa matembezi ya uani. Shuka steji moja kabla ya yako, jua likiwa limeshachomoza na watu wameshajaa njiani. Mkiwa watatu wanne ni salama zaidi na porojo zinafupisha njia. Na wazee wa barazani, mnaokaa kwenye dhumna tangu Alasiri hadi Magharibi: anayefungwa asimame, azunguke msikiti, ndipo arudi. Wapo watakaopungua kilo nyingi sana.

Jambo moja lisirukwe. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na wengi hawakuwahi kupimwa. Pima kabla ya kuanza, na mwenye sukari au maradhi ya moyo azungumze na daktari wake. Ukibanwa na kifua au ukisikia kizunguzungu, acha papo hapo, uende hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho.