Saratani ya Damu: Seli Zilizokataa Kukomaa

Himdi zote Anastahiki Allaah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Swahaba zake.

Jamaa zetu wa Moa, Tanga, wametuuliza: kijana wao amepimwa Bombo akaonekana ana saratani kali ya damu. Wazee wengine wanasema ni shetani, kombe litamtosha. Wafanye nini?

Kwanza tuyajue maradhi. Damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Seli nyeupe, askari wa mwili, huzaliwa changa, kisha hukomaa na kushika kazi. Zinazoziamrisha zikomae ni protini ndogo za kinga, ambazo seli hupelekeana kama barua. Katika saratani hii seli hukwama utotoni na kuendelea kuzaana, mfano wa chuo kilichojaa wanafunzi na hakuna anayehitimu. Uboho ukijaa hizo, damu nzima hukosa nafasi. Ndipo mgonjwa hupauka, huvuja damu na hushikwa na homa kila mara.

Donald Metcalf na wenzake, mjini Melbourne, Australia, walianza kuzichunguza protini hizo miaka ya 1960. Baadaye ikadhihirika maabara kwamba moja yao, G-CSF, huweza kuzikomaza baadhi ya seli za saratani ya damu ya panya, zikaacha kuzaana. Kwa binadamu haikutosha peke yake kuwa tiba. Hospitalini hutumika kuinua seli nyeupe zilizoshushwa na dawa kali. Lakini kuikomaza seli badala ya kuiua kulifanikiwa kwa njia nyengine: mwaka 1988 madaktari wa Shanghai, China, walieleza habari za wagonjwa 24 wa aina moja ya saratani hii waliopewa dawa ya jamii ya vitamini A, na seli zao zikakomaa. Leo wengi wa aina hiyo hupona. Tahadhari: si vidonge vya dukani. Vitamini A ikizidi ni sumu.

Ama hukumu, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametuhimiza kujitibu, na akatufunza kuwa kila maradhi yana dawa yake. Ruqyah ni Sunnah, wala haigombani na hospitali. Msomeeni huku mkimpeleka. Wakimwandikia Muhimbili, msingoje, kwani maradhi haya huua kwa wiki chache. Atahitaji kuongezewa damu, basi wenye afya wachangie. Nauli ikiwashinda nao ni mafakiri, zaka inawafaa, na sisi wa visiwani tusiwasahau.

Na Allaah Anajua zaidi.