Elimu ya Wajumbe wa Kujitolea: Halmashauri za Meru na Embu

Barabara iendayo Embu na Meru huanzia Makutano, pale inapoagana na ile ielekeayo Sagana na Nyeri. Hupita katika mashamba ya mpunga ya Mwea, ikapanda hadi mji wa Embu, ikazunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya huku ikivuka Thuci, Nithi na mito mingine mingi iteremkayo kutoka misitu ya mlima huo, mpaka ikafika Meru, ambako nako pana Makutano, mtaa wenye shughuli nyingi nje kidogo ya kitovu cha mji. Msafiri apitaye njia hiyo kwa matatu huona kahawa, chai, migomba na miraa, lakini haoni kwa macho yake jambo moja ambalo maisha ya wenyeji yameegemea juu yake: kwamba karibu kila mto anaouvuka una chama cha watu wanaoutumia, kila msitu una chama cha wanaopakana nao, kila shule ya umma ina bodi yake, na kila mradi wa maji una kamati iliyochaguliwa na wanachama, na kwamba aghalabu ya hao wanaokalia viti hivyo ni wakulima, walimu waliostaafu, wahubiri na akina mama wa sokoni, ambao hawapokei mshahara wowote kwa kazi hiyo.

Watu hao hustahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Walakini heshima haimtoshi mtu aliyekabidhiwa amana ya wenziwe. Ada iliyozoeleka ni kwamba mkutano mkuu humchagua mtu kwa sababu ni mwaminifu, au ni mcha Mungu, au alisoma zaidi ya wengine, kisha siku ya pili hupewa muhuri, daftari na kitabu cha hundi, pasiwepo hata mmoja wa kumweleza kazi ya mjumbe ni ipi, mipaka yake ni ipi, na ataulizwa nini mwisho wa mwaka. Na anapokosea, jamii humwita mwizi, ilhali yamkini kosa lake la kwanza lilikuwa ni kutofundishwa. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba elimu ya ujumbe ni haki ya anayejitolea kabla ya kuwa ni sharti juu yake, na kwamba chama kinachoomba mtu akitumikie bure kina deni la kumfundisha.

Wazee wa Meru hawakuwa wageni wa fikira hii. Baraza lao kuu, Njuri Ncheke, ambalo makao yake ya kihistoria yapo Nchiru, halikumpokea mtu moja kwa moja kutoka shambani kwake. Ilimlazimu apitie mabaraza ya chini, akae, asikilize, atoe vilivyotakiwa, ajifunze jinsi shauri linavyosikizwa pande zote mbili na jinsi siri ya kikao inavyohifadhiwa, hata pale wenzake walipokwisha kumpima ndipo akaingizwa. Huo ulikuwa ni mtaala uliotimia, ijapokuwa haukuandikwa, na ni jambo la kusikitisha kwamba vyama vya leo vimerithi heshima ya mzee bila ya kurithi miaka yake ya kufundwa.

Lakini historia ya baraza hilohilo inatupa pia onyo, nami naona si insafu kulisifu kwa jambo moja na kulinyamazia la pili. Mnamo mwaka 1956 Njuri Ncheke, kwa kauli moja na kwa kuungwa mkono na serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Uamuzi wenyewe, ukiutazama kwa macho ya leo, ulielekea kwenye heri, kwa kuwa desturi ile ni dhara kwa mwili na kwa nafsi, na sheria ya Kenya inaikataza. Tatizo ni kwamba waliokaa na kuamua walikuwa wazee wa kiume watupu, na wanawake, ambao miongoni mwao ndimo desturi ile ilimokuwa ikiendeshwa, hawakuulizwa wala kuelezwa. Matokeo yake yalikuwa ni uasi: wasichana wakaanza kukeketana wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, na katika muda wa miaka mitatu zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, wakashtakiwa kwa kuvunja amri ile. Amri iliyotungwa bila ya kuwasikiliza wenye shauri iliipa desturi mbaya watetezi wapya. Anayewafundisha wajumbe asiufiche mfano huu, kwani unaeleza vizuri kuliko hotuba yoyote kwa nini Katiba ya mwaka 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa na kuteuliwa, na kwa nini mama wa pale bombani hafai kuwekwa kwenye kamati ya maji kwa ajili ya kutimiza hesabu tu.

Katika zama zetu, mafunzo yaliyo na mizizi mirefu zaidi katika nchi hii ya mashariki ya mlima yametokana na maji. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilifungua mlango wa Vyama vya Watumiaji wa Rasilimali za Maji, ambavyo wenyeji huviita WRUA, na ile ya mwaka 2016 ikavithibitisha kuwa ni vyama vya jamii vya kushirikiana katika kutunza maji na kusuluhisha magomvi juu yake. Nayo Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ikavipa nafasi vyama vya jamii vya misitu. Baina ya mwaka 2004 na 2012 mradi wa Mlima Kenya Mashariki, uliosaidiwa na mfuko wa kilimo wa Umoja wa Mataifa, IFAD, ulishughulika na kuvijenga vyama hivyo mto baada ya mto, na baada yake ukaja mradi wa Tana ya Juu, uliokuwa na makao yake mjini Embu, ulioenea katika kaunti sita: Embu, Meru, Tharaka Nithi, Kirinyaga, Nyeri na Murang'a.

Fedha za serikali ziendazo kwa vyama vya maji kupitia Hazina ya Sekta ya Maji zilipangwa kwa daraja, na daraja la kwanza si la kununua mabomba wala saruji. Ni la kukiimarisha chama chenyewe, kuwafundisha viongozi wake na kutunga mpango wa bonde dogo la mto wao, na chama kisichovuka daraja hilo hakipandi la pili. Naamini utaratibu huu ni wa hekima. Wafadhili wengi, kwa shauku ya kuzindua kitu kinachoonekana, huanza na tangi na kumalizia na semina, na hapo tangi hukabidhiwa watu wasiojua nani ana ruhusa ya kufungua koki yake.

Nini basi afundishwe mjumbe? La awali, na ndilo gumu kupita yote, ni kujua kwamba mjumbe mmoja mmoja hana amri. Amri ni ya kikao. Mwenyekiti akiwa nyumbani kwake ni mwanachama kama wengine, hana ruhusa ya kumwagiza fundi bomba aongeze maji upande wa wakweze, wala ya kumfukuza karani wa mita kwa sababu hakumwamkia vyema. Kikao huweka kanuni, hukadiria bajeti, huajiri na husimamia. Kazi ya kila siku hufanywa na aliyeajiriwa kuifanya. Katika vyama vidogo visivyo na uwezo wa kuajiri, wajumbe hulazimika kushika jembe wenyewe, na hilo halina lawama, maadamu wanajua saa ipi wamekaa kama wasimamizi na saa ipi wamesimama kama vibarua. Nimeona ya kuwa magomvi mengi yanayodhaniwa ni chuki za koo huanzia katika kuchanganya mambo haya mawili.

Kisha kuna hesabu. Tuseme chama kina wanachama 400, na kila mmoja hulipa shilingi 200 kwa mwezi; inayotakiwa kuingia ni shilingi 80,000 kila mwezi, yaani 960,000 kwa mwaka. Mjumbe aliyefundishwa huuliza maswali manne, wala hahitaji kuwa mhasibu ili ayaulize: tulitakiwa kupokea kiasi gani, tulipokea kiasi gani, kilifika benki kiasi gani, na kilichotoka kilitoka kwa idhini ya nani? Ikiwa stakabadhi zaonyesha 71,000 na taarifa ya benki yaonyesha 58,000, basi pana shilingi 13,000 zilizokaa mahali fulani, na yapasa zielezwe kikao hichohicho, kabla hazijawa 100,000. Somo hili wasilipate mweka hazina na katibu peke yao, kwa kuwa hesabu inayofahamika na mtu mmoja haina mlinzi. Fauka ya hayo, wajumbe wafundishwe kwamba bomba linachakaa hata kama halijapasuka, na kwamba ada isiyotenga akiba ya ukarabati huwalaza wanachama kwa bei nafuu hata siku ya mafuriko, ambapo mfereji huondoka na chama nacho kikaondoka.

Mintarafu ya maslahi binafsi, washauri wanaotoka mijini huja na kanuni kali: mjumbe asifanye biashara na chama, wala jamaa zake. Kanuni hiyo ni njema katika karatasi, lakini kijijini, ambako muuza mabomba ni mpwa wa mwenyekiti na fundi ni shemeji wa katibu, kuikaza mno ni kukifunga chama chenyewe. Dawa iliyo karibu na uhalisia ni kutangaza: mjumbe mwenye uhusiano aseme mbele ya kikao, atoke nje wenzake wakiamua, bei tatu zilinganishwe, na yote yaandikwe katika kumbukumbu. Aibu haimo katika kuwa na mpwa muuza mabomba. Imo katika kumficha.

Hata namna ya kuendesha mkutano hufunzwa, wala hakuna azaliwaye nayo. Katika mwaka 1863, huko New Bedford nchini Marekani, afisa mmoja wa jeshi, mhandisi Henry Robert, aliombwa kuongoza mkutano wa kanisa, akaingia bila kujua taratibu, na mkutano ukamshinda. Fedheha ile ikamsukuma kusoma na kutafiti hata akatoa, mwaka 1876, kitabu cha kanuni za mikutano ambacho hadi leo vyama vingi duniani hukirejea. Katibu wa Chuka au Runyenjes hahitaji kukihifadhi kitabu hicho chote. Ahitaji kujua akidi ya kikao chake, kutoa ajenda mapema, kuandika azimio kwa maneno yasiyogombaniwa kesho, na kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita kabla ya kuanza kipya.

Mafunzo yenyewe yana kasoro zake, na anayeyapenda hapaswi kuzificha. Mara nyingi hufanywa hotelini kwa siku mbili, kwa Kiingereza, na anayehudhuria ni mwenyekiti pekee, ambaye muda wake wa uongozi ukiisha elimu huondoka naye. Katiba nyingi za vyama zimenakiliwa kwa Kiingereza kutoka katiba za vyama vingine, na wanachama hutia sahihi wasichokisoma. Elimu ya aina hii haina budi itolewe kwa Kiswahili, Kimeru au Kiembu, kwa daftari la chama chenyewe likiwa wazi mezani, na kwa kamati nzima pamoja na wale wanaotarajiwa kuwarithi. Mwalimu arudi tena baada ya miezi kadhaa aone kilichoshikwa na kilichosahauliwa. Shule zimetangulia kwa hili kwa kiasi fulani: bodi zake zipo kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, na ipo taasisi ya taifa, KEMI, iliyoanzishwa mwaka 1981 kwa jina jingine, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuwafundisha wasimamizi wa shule. Kamati za maji, za misitu na za makundi ya akina mama hazina chuo kama hicho.

Na sheria nazo zimekaza. Vikundi vya jamii vimepata sheria yao ya usajili mwaka 2022, na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyotungwa mwaka 2013 ikalala zaidi ya miaka 11, ilianza kufanya kazi tarehe 14 Mei 2024. Mjumbe wa leo, ajue asijue, anabeba dhamana mbele ya serikali pamoja na jirani zake, na kutojua hakumwokoi.

Kwa hiyo, ewe msomaji, ukipendekezwa kesho kukaa katika kamati ya mto wenu au bodi ya shule ya watoto wenu, ukubali, watu wanakuhitaji. Lakini kabla ya kupokea muhuri, omba upewe katiba kwa lugha uielewayo, uonyeshwe hesabu za miaka mitatu iliyopita na kumbukumbu za vikao vyake, na uulize ni nani atakayekufundisha, lini, na bajeti imetenga shilingi ngapi kwa kazi hiyo. Wakikujibu kwamba hakuna, basi hilo na liwe ndilo azimio la kwanza utakalolitoa.