KATAPILA LA URITHI HALIGAWANYIKI KAMA MINAZI

Hapa Pwani minazi hurithiwa kwa hesabu. Mzee akifa akaacha minazi 60, warithi huenda shambani pamoja na wazee, miti ikahesabiwa, na kila mmoja akajua iliyo yake. Mbuzi na ng'ombe nao hugawanywa. Lakini buldoza, au katapila kama tulivyozoea kuliita, haligawanyiki. Haiwezekani huyu achukue injini, yule achukue minyororo, na dada yao apewe bleidi, yaani kile chuma kipana cha mbele kisukumacho udongo. Siku litakapofunguliwa vipande halitakuwa katapila tena. Litakuwa chuma chakavu, na mnunuzi wa chuma chakavu hulipa kwa kilo. Yeye hana haja ya kujua lilichimba mabwawa mangapi.

Sisi wa ofisi ya kilimo huulizwa swali moja na wakulima wa skimu za makazi: "Marehemu baba ametuachia katapila la zamani. Je, tuliuze au tulitumie?" Jibu letu ni hili. Mashine ya kale ikitunzwa huweza kumfanyia kazi mjukuu kama ilivyomfanyia babu, kwa kuwa iliundwa kwa chuma kizito, na fundi mwenye spana na akili huweza kuifungua na kuifunga. Lakini isipotunzwa yaweza kuua mtu, kuharibu udongo, na kuvunja udugu. Basi tuyatazame mambo hayo moja moja.

FUNZO LA KONGWA

Jambo hili limewashinda hata wakubwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga katika Tanganyika, kwanza Kongwa, halafu Urambo na Nachingwea. Nia ilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3, ili Waingereza wapate mafuta ya kula baada ya vita. Makatapila yalinunuliwa popote yalipopatikana. Mengine yalikuwa masalio ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino. Mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa na kiwanda cha Vickers kuwa matrekta, yakaitwa Shervick.

Mashine nyingi zilifika zikiwa zimekwisha kuchoka. Vipuri vilikuwa haba, madereva wengi ndio kwanza wanajifunza, na udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji. Punde si punde mashine zilizolala karakana zikawa nyingi. Mvua nayo ilikuwa chache kuliko ilivyotazamiwa. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umekwisha, na zipatazo pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Wakulima wenzangu, pale Kongwa hazikukosekana nguvu. Vilikosekana vipuri kwa wakati, watu waliofundishwa, na subira ya kuujua udongo na mvua kabla ya kung'oa miti. Kama hazina ya serikali ilishindwa kwa kukosa mambo hayo, familia moja haitaweza bila hayo.

LIJUE KATAPILA LAKO

Kwanza tafuta kibati chenye nambari ya mashine. Kisugue taratibu kwa kitambaa chenye dizeli, wala usitumie msasa, kwa maana nambari zikifutika umepoteza cheti cha kuzaliwa. Kwa mfano, Caterpillar D8 ambayo nambari yake huanza na 2U ilitengenezwa kati ya miaka 1945 na 1953, na D7 ya 3T kati ya miaka 1944 na 1955. Mwuza vipuri hawezi kukusaidia ukimwambia, "Ni lile kubwa la manjano." Mpe nambari.

Kisha kitafute kitabu cha mashine. Kama kimo sandukuni mwa marehemu, kifungeni kwa nailoni na kukiweka pakavu. Kitabu hicho ndicho chenye neno la mwisho juu ya kila tunalolisema hapa.

KULIWASHA

Makatapila mengi ya miaka ile hayawashwi kwa betri. Yana injini ndogo ya petroli, ambayo kazi yake ni kuizungusha injini kubwa ya dizeli. Kabla ya yote, bleidi iwe chini, gia iwe huru, klachi kuu iwe imeachishwa. Pima oili ya injini zote mbili, na maji ya rejeta.

Weka wenzo wa mgandamizo pahali pa kuwashia, ili injini kubwa izunguke kwa wepesi. Washa injini ndogo. Kama ni ya hendeli, kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, na uvute kuja juu. Injini ikipiga kinyumenyume humvunja mkono mtu aliyeikumbatia hendeli. Iache ipate moto. Halafu ingiza meno yake, unganisha klachi yake polepole, na uizungushe injini kubwa mpaka saa ya presha ya oili ianze kupanda. Hapo ndipo urudishe mgandamizo na kuifungulia dizeli.

Injini kubwa ikishika, izime ile ndogo kwa kufunga bomba la petroli, ili petroli iliyomo ndani ya kabureta iungue yote. Petroli ikilala humo majuma mengi hugeuka gundi. Nayo injini kubwa usiitie kazini papo hapo. Ipe dakika 5 ingurume taratibu, na jioni ipe dakika 5 kabla ya kuizima.

KAZI ZA KILA SIKU

1. Asubuhi, fungua koki ya chini ya tangi na kutoa maji na taka mpaka dizeli itoke safi.

2. Fungua bakuli la chujio la hewa. Oili ikiwa nzito kwa vumbi, imwage ndani ya debe, osha bakuli kwa dizeli, utie oili mpya mpaka kwenye alama. Wakati wa kaskazi kazi hii haina mapumziko. Vumbi likipita likaingia injini, hula pistoni kama msasa ulavyo mbao.

3. Tia grisi kila penye chuchu ya grisi. Makatapila ya zamani yana rola zinazotaka kulishwa kila siku, maana si za kufungwa moja kwa moja kama za siku hizi.

4. Kaza nati zilizolegea, na utazame chini ya mashine kama kuna tone la mafuta au maji. Tone la leo ni gharama ya kesho.

5. Jioni, jaza tangi. Tangi likilala nusu, unyevu wa hewa iliyomo hugeuka maji usiku. Kisha funika bomba la moshi kwa mkopo. Mvua ikiingia humo, injini hushikana kwa kutu, na hapo hendeli wala kamba haitasaidia.

Hata kama hakuna kazi, liwashwe kila baada ya majuma mawili na kutembezwa kidogo.

MINYORORO NDIYO MALI

Minyororo ya kutembelea na vyuma vyake hula fedha nyingi kuliko karibu kila kitu kingine cha katapila. Mnyororo ukikazwa mno, pini na meno ya gurudumu la nyuma husagika upesi. Ukilegea mno, huvuka na kutoka katika kukata kona. Katika mashine nyingi za namna hii, sehemu ya juu yapasa kulegea kama inchi 1 mpaka inchi 1 na nusu. Safisha matope jioni hiyo hiyo. Yakikauka huwa kama tofali, na rola haziwezi kuzunguka.

Tena liko jambo ambalo mafundi wazee walilijua na vijana wengi hawalijui. Pini na bushi za mnyororo huliwa upande mmoja tu. Fundi mwenye mtambo wa kuzisukuma huweza kuzitoa na kuzigeuza nusu duara, upande mzima ukaja kazini. Kufanya hivyo mapema kwaongeza sana maisha ya mnyororo. Ukichelewa, bushi hutoboka na hakuna cha kugeuza.

HATARI TATU

Ya kwanza ni mteremko. Katika tambarare, ukivuta mkono wa kulia katapila hukata kulia. Lakini likishuka mlima huku uzito ukilisukuma, upande ulioachishwa klachi huenda mbio zaidi, na katapila hukata kushoto! Dereva asiyelijua hili huweza kulipeleka katapila kwenye genge akidhani analiepuka. Ninyi wa Shimba Hills na wa vilima vya Mazeras, asikalie kiti hicho mtu ambaye hajafundishwa na kujaribiwa mahali pa usalama. Mashuke gia ya chini, wala usishuke gia ikiwa huru.

Ya pili ni mnazi. Ukisukumwa hutikisika, nazi na makuti makavu yakamshukia dereva. Katapila lisilo na paa la chuma lisisukume mnazi wala mti wenye matawi yaliyokufa.

Ya tatu ni karakana. Mtu asiingie chini ya bleidi iliyoinuliwa bila kuitegemeza kwa magogo imara. Tena vitambaa vya breki na vya klachi vya zamani aghalabu vina asbesto, ambayo vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu. Usilipulize wala kulifagia kavu. Lilowanishe kwanza, ulipanguse kwa kitambaa, na kukifunga kitambaa hicho ndani ya mfuko.

USILIHAMISHE SHAMBA

Udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba la juu. Dereva mwenye haraka huzamisha bleidi, akasukuma kichaka pamoja na udongo wake, akaurundika mpakani. Shamba hubaki safi kama sakafu, na mahindi ya mwaka huo huwa ya manjano. Hapo mkulima husema ardhi ni mbaya, kumbe rutuba yake imelala ndani ya lile rundo.

Basi bleidi ipite juu ya ardhi, isiikwangue. Ukipata reki ya meno ni bora zaidi, kwani hung'oa mizizi na kuacha udongo. Marundo yapangwe kukingama mteremko, ili yazuie maji. Kazi ifanywe katika ukavu wa kaskazi, mvua za mwaka zikute shamba tayari kwa mbegu. Usiliingize katapila katika udongo uliolowa, maana uzito wake huugandamiza mpaka mizizi ishindwe kupenya. Wala usifyeke ekari usizoweza kuzipanda msimu huo, kwa kuwa udongo ulioachwa uchi huchukuliwa na mvua ya kwanza.

CHUMVI YA JOMVU

Sisi wa Jomvu Kuu tuna adui mwingine, naye ni maji ya chumvi ya mkono wa bahari. Tope la mikokoni huonekana gumu maji yakitoka, lakini halibebi tani nyingi za chuma. Katapila likizama humo, maji yakijaa yatalifunika. Tena misitu ya mikoko ilitangazwa kuwa misitu ya serikali tangu mwaka 1932, na hairuhusiwi kuisafisha bila idhini. Kwa hiyo lisiingizwe huko kabisa. Mashine iliyofanya kazi karibu na bahari ioshwe kwa maji baridi, ikauke, ndipo ipakwe grisi. Nayo oili chafu isimwagwe mtoni. Wako ndugu zetu wanaotegemea samaki na kaa wa maji hayo.

DAFTARI NA MAFUNGU MANNE

Sasa tuje kwenye udugu. Aghalabu ugomvi huanza hivi:

"Kaka, mwaka mzima katapila limekodishwa, mbona hatukupata kitu?"

"Dada yangu, fedha zote zilinunua vipuri."

"Vipuri gani, na risiti ziko wapi?"

Kaka hana risiti. Huenda amesema kweli tupu, lakini kuanzia siku hiyo haaminiwi. Mwaka wa pili mmoja wa ndugu hudai liuzwe, na wa kwanza kufika ni mwenye mizani ya chuma chakavu.

Dawa yake si ngumu. Kwanza, mirathi iamuliwe kwa sheria. Waislamu huweza kwenda Mahakama ya Kadhi, na wengine mahakama za kawaida. Kila mrithi, mwanamume na mwanamke, sehemu yake iandikwe. Pili, warithi wamchague mmoja awe mtunzaji, na mwingine awe mshika daftari. Kazi hizo mbili zisiwe za mtu mmoja. Tatu, daftari liandikwe kila siku: saa za kazi, dizeli, oili, grisi, ubovu, na fedha zilizoingia. Oili ibadilishwe kwa hesabu ya saa zilizo kitabuni. Kama kitabu kimepotea, saa 100 ni kadiri nzuri.

Nne, fedha za kukodisha zigawanywe mafungu manne, na kwa taratibu hii: fungu la kwanza ni dizeli na oili, la pili ni mshahara wa dereva, la tatu ni akiba ya vipuri, ikae benki au katika chama cha akiba, na la nne ndilo la warithi. Wanaoanza na fungu la nne hula katapila lenyewe kidogo kidogo, kama mtu anayekata mnazi apate kilele chake.

Na ikiwa minyororo imekwisha, injini imeshikana, na akiba hakuna, basi si aibu kuliuza. Liuzeni mapema kwa mwenye karakana anayehitaji vipuri, kabla kutu haijalifanya kuwa mzigo wa mizani, na fedha zigawanywe mbele ya wote.

Wazee husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari leo. Bei yake ni ndogo kuliko debe moja la dizeli.