Jicho Lililopandikizwa Likiwa Jekundu, Usingoje Siku ya Kliniki

Wewe mama unayepepeta ndengu hapo nje, na wewe susu unayelea wajukuu, sogezeni redio karibu kidogo. Leo nazungumzia jambo ambalo haliko katika kila boma hapa Matinyani. Lakini likiwa katika boma lako, utakuwa na siku moja au mbili tu za kuokoa jicho la mtoto. Ni maambukizi yanayoshika jicho lililopandikizwa konea.

Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho. Ukimtazama mtoto machoni huioni, unaona rangi iliyo nyuma yake, kama vile unavyoona soda ndani ya chupa bila kuijali chupa. Konea ikipata kovu baada ya kidonda, au ikikonda na kuchomoza mbele kama pia, mwanga haupiti sawasawa na mtoto haoni ubaoni. Ugonjwa huo wa kuchomoza unaitwa keratokonasi. Hapa Kenya unawapata vijana wengi, hasa wenye macho ya kuwasha ambao huyasugua mchana kutwa. Mwanzoni miwani husaidia, na ukigunduliwa mapema kuna matibabu ya kuuzuia usiendelee. Kwa hivyo mtoto anayesugua macho kila wakati usimchape mikono, mpeleke apimwe. Ukishaendelea sana, daktari hukata kipande cha katikati cha konea na kushona mahali pake kipande kilichotolewa kwa mtu aliyefariki.

Kuna wanaoniuliza kama hayo ni mambo ya Mungu au ya uchawi. Ni upasuaji, na si wa juzi. Wa kwanza kufaulu ulifanywa na daktari Eduard Zirm tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc, ambao leo uko katika nchi ya Cheki. Mgonjwa wake alikuwa ameunguzwa macho na chokaa. Hapa Kenya hufanywa Nairobi, kwa mfano katika Hospitali ya Macho ya Lions kule Loresho. Aliyetoa konea hupimwa kwanza virusi vya ukimwi, homa ya ini na kaswende. Upasuaji wenyewe basi si jambo la kuogopa. Kazi ngumu huanza mtoto akirudi nyumbani, na kazi hiyo ni yako.

Konea haina mishipa ya damu. Ndiyo sababu inapitisha mwanga, na ndiyo sababu inapona polepole sana. Kipande kipya hushikiliwa na nyuzi nyembamba kuliko unywele, mara nyingi 16, na nyuzi hizo zinaweza kukaa mwaka mzima au zaidi. Uzi mmoja ukilegea au kukatika, ncha yake hutokeza juu ya jicho. Hapo ute hunata, vumbi hunata, na bakteria au kuvu hupata mlango wa kuingilia.

Jambo la pili ni dawa. Mtoto hupewa matone ya steroidi kwa miezi mingi ili mwili usikikatae kipande cha mtu mwingine. Dawa hiyo hufanya kazi kwa kutuliza askari wa mwili. Lakini askari wakitulizwa, mwizi naye hupita kwa urahisi. Isitoshe, wekundu na uvimbe ambao ungekuonya hupungua.

La tatu ndilo linalowapotosha wengi. Wakati wa kupandikiza, mishipa ya fahamu ya konea hukatwa. Kipande kipya hukaa muda mrefu bila hisia kamili. Mtoto anaweza kuwa na kidonda kwenye konea na bado akakwambia, "Mama, haliumi sana." Wewe nawe ukaamini.

Mimi niliamini. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa ndiyo nimeanza kazi katika zahanati, mama mmoja aliniletea kijana wake Ijumaa jioni. Alikuwa amepandikizwa konea miezi saba kabla. Jicho lilikuwa jekundu kidogo, halimuumi, ila alisema mwanga wa jua unamsumbua. Nilimpa mafuta ya macho ya tetrasaiklini, nikamwambia angoje Jumanne, siku ya kliniki ya macho. Jumatatu asubuhi mama alinipigia simu akilia. Katikati ya jicho kulikuwa na doa jeupe kama punje ya mtama. Madaktari walijitahidi, na jicho lenyewe halikutolewa, lakini konea ile iliharibika na kuwa na ukungu. Kijana akarudi kwenye orodha ya kungoja nyingine. Mama yake hakunilaumu hata siku moja. Nadhani angenilaumu ningelala vizuri zaidi.

Kwa hivyo shika haya mama, uwafundishe na wale watakaobaki na mtoto ukienda sokoni au shambani. Jicho lililopandikizwa likiwa jekundu kuliko jana, au likiuma hata kidogo, au mtoto akikwepa mwanga, au akisema anaona ukungu, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Moja tu kati ya hayo yanatosha, usingoje yote manne yakutane. Hali kadhalika ukiona doa jeupe, au usaha, au akisema anahisi kama mchanga umeingia. Mchanga huo huenda ni ncha ya uzi.

Mlezi mwingine atasema, "Daktari alinionya kwamba mwili unaweza kukataa konea, na akisema jicho likiwa jekundu ni hivyo, niongeze yale matone." Hapa ndipo penye hatari. Mwili ukikataa konea, jicho huwa jekundu, mtoto hukwepa mwanga na uoni hufifia. Maambukizi nayo huja kwa sura hiyo hiyo. Lakini kukataa konea hutibiwa kwa kuongeza steroidi, na steroidi hiyo hiyo ikiongezwa kwenye maambukizi, hasa ya kuvu, inakuwa kama kumwagia moto mafuta ya taa. Mimi muuguzi siwezi kuyatofautisha kwa macho yangu. Daktari wa macho hutumia mashine maalumu ya kumulika, na mara nyingine hukwangua kidogo apeleke maabara. Kwa hivyo usiongeze dawa wala usiache dawa kwa kukisia. Mpeleke.

Wala usipitie duka la dawa kwanza. Baadhi ya matone yanayouzwa hapo yana steroidi ndani yake. Wekundu utaisha siku mbili, mtafurahi, huku kidonda kikiendelea kuchimba chini. Kama maambukizi yakiingia ndani kabisa ya jicho, dawa ya matone peke yake haitoshi tena. Daktari huchoma sindano ya dawa ndani ya jicho, na hata hivyo wengine hupoteza uoni wote.

Maziwa ya mama, majani ya chai, utomvu wa mti, mkojo: hakuna hata kimoja kinachoingia katika jicho hili. Maji ya mtoni pia, hata yale masafi ya kuchimba kwenye mchanga yanayoonekana kama kioo. Tunayatoa mahali ambapo punda naye amekunywa. Mtoto aoshwe uso kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji yaliyochemshwa yakapoa, akiwa amefumba macho. Msimu wa kupiga ndengu na mtama akae mbali na makapi, maana kuvu hupenda kuingia na vipande vya mimea. Na shuleni mwalimu aambiwe. Kovu la upasuaji huu halipati nguvu ya jicho la kuzaliwa nalo, hivyo mpira au kiwiko kimoja kinaweza kulipasua.

Kila asubuhi msimamishe mlangoni kwenye mwanga, umtazame jicho kabla ya kutia dawa. Nawa mikono kwa sabuni. Ncha ya chupa isiguse jicho wala kope. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua, na baada ya wiki nne itupe hata kama dawa imebaki. Najua ni uchungu kutupa kitu ulichonunua kwa bei ile. Itunze mahali penye baridi, si chini ya mabati, na usimtilie ndugu yake mwenye macho mekundu. Usidhani hatari huisha baada ya mwezi wa kwanza. Uzi unaweza kukatika baada ya mwaka mmoja au miwili, wakati kila mtu nyumbani ameshasahau.

Dalili ikija, mfunike jicho kwa kile kikinga kigumu cha hospitali, bila kubana na bila pamba. Beba chupa zote za dawa pamoja na kadi yake. Mpigie simu daktari aliyempasua mkiwa njiani, na kama Nairobi ni mbali kwa saa hiyo, anzeni na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti pale mjini Kitui. Waambie mlangoni kabisa: "Jicho hili limepandikizwa konea." Usikae kwenye foleni ukingoja kuulizwa.

Nauli ndiyo huwachelewesha wengi, si ujinga. Yule mama wa kijana sasa ana kikopo cha bati juu ya kabati. Ndani yake kuna nauli ya bodaboda hadi barabarani, nauli ya matatu hadi Nairobi ya watu wawili, na karatasi yenye namba ya simu ya daktari. Aliniambia hata wakati wa njaa hawakigusi.