Ugomvi Mbele ya Mizani: Wajibu wa Katibu



Katika msimu wa ufuta na korosho, ugomvi mwingi katika maghala ya Kilwa na Lindi huzukia mbele ya mizani. Mkulima amefika na magunia yake tangu alfajiri. Uzito unaosomwa haulingani na ule alioutarajia, au malipo ya mnada uliopita bado hajayapata. Sauti hupanda, kisha mkono huinuliwa. Hapo heshima ya chama imo mikononi mwa katibu.

Yaliyotokea jirani yatuonye. Mwezi wa Aprili 2013, wilayani Liwale, malipo ya korosho yaliyopungua yaliwaghadhibisha wakulima, na nyumba kadhaa zikachomwa moto. Fedha isiyoelezwa ni kuni kavu. Kofi la mtumishi wa chama laweza kuwa kiberiti.

Basi katibu afanyeje? Kwanza, asimamishe upimaji, na gunia libaki pale pale mizanini. Pili, asimshike mwanachama nguo, asimnyooshee kidole, wala asilipe tusi kwa tusi. Amwite kwa heshima inayomstahili, asimame hatua mbili mbali naye, na njia ya mlangoni iachwe wazi. Tatu, gunia lipimwe upya mbele ya mwenyewe na mashahidi wawili, na uzito usomwe kwa sauti. Mara nyingi hasira hutulia hapo, maana aliyekuwa akidai haki ameiona kwa macho yake.

Iwapo mtu atapiga, kila mmoja anayo haki ya kujihami. Lakini Kanuni ya Adhabu huruhusu nguvu ya kiasi tu, ile inayohitajika kuizuia hatari. Kuukinga mkono unaopiga ni kujihami. Kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka, au aliyegeuka kwenda zake, ni shambulio, na mlalamikaji wa asubuhi aweza kuwa mshtakiwa jioni. Wapakiaji na walinzi waelezwe jambo hili kabla ya msimu kuanza.

Aliyeumia apatiwe matibabu na fomu ya polisi, PF3. Tukio liandikwe siku ile ile: saa, maneno yaliyosemwa, uzito na majina ya mashahidi. Shauri liamuliwe na Bodi, kwani aliyetukanwa hafai kuwa hakimu wa aliyemtukana.

Wahenga walisema, hasira hasara. Katika ushirika, hasara hiyo hulipwa na wanachama wote.