Risiva ya Sebuleni: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kutoa Fedha

Mwezi wa Julai ukiingia, baridi ya Nyeri huwarudisha watu majumbani mapema. Kwa jamaa zetu wa pwani waliohamia Skuta kwa ajili ya kazi au masomo ya watoto, hakuna baraza ya kukalia baada ya Isha wala upepo wa bahari wa kumtoa mtu nje. Sebule ndiyo baraza. Si ajabu basi kwamba fedha ambayo Mombasa ingenunua feni, huko hununua mtambo wa sauti. Na kwa kuwa mtambo mzuri ulio mpya ni ghali, wengi huishia kwa vile vilivyokwishatumika ng'ambo. Hapo ndipo akiba ya miezi kadhaa huweza kuungua kwa dakika moja.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Risiva ni kitovu cha mtambo wote. Huingiza sauti na picha kutoka katika king'amuzi, kichezeo cha diski au simu, huifasiri sauti iliyofumbwa kitarakimu, huikuza, kisha huigawia kila spika fungu lake. Maandishi ya 5.1 yana maana ya spika tano za kawaida, yaani mbili za mbele, moja ya katikati na mbili za pembeni kwa nyuma, pamoja na moja ya besi, ambayo mafundi wetu huiita wufa. Ile 7.1 huongeza mbili za nyuma kabisa. Ukiona tarakimu ya tatu, kama 5.1.2, ile 2 ni spika za juu zitumikazo kwa Dolby Atmos, mfumo ulioanzia katika majumba ya sinema mwaka 2012. Usiidharau spika ya katikati: maneno ya wasemaji hupita humo.

Sasa tuje kwenye umeme. Umeme wa Kenya ni wa volti 240. Risiva iliyotoka Uingereza imeundwa kwa volti 230, tofauti isiyodhuru, na plagi yake ni hii hii yetu ya meno matatu. Iliyotoka Marekani hutaka volti 120, na ya Japani volti 100. Hizi mbili ukizichomeka moja kwa moja katika soketi ya Skuta au ya Kisauni, utanusa moshi kabla hujasikia sauti. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, igeuze risiva usome kibandiko cha nyuma. Ikiwa imeandikwa 120 peke yake, itahitaji transfoma ya kushusha volti, tena yenye uwezo mkubwa kuliko wati zilizoandikwa kwenye kibandiko hicho. Mashine ya wati 500 haifai kubebeshwa transfoma ya wati 500 kamili. Gharama hiyo iongeze kwenye bei, kisha uamue. Mara nyingi utaona kwamba ile ya Uingereza iliyoonekana ghali ndiyo rahisi.

Kuhusu wati za sauti, usibabaishwe na namba kubwa za kwenye maboksi. Herufi PMPO zikiambatana na maelfu ya wati hazina kipimo cha kuaminika nyuma yake. Tafuta wati za kudumu kwa kila spika, zilizopimwa spika mbili zikifanya kazi pamoja. Na hata hapo, kutoka wati 50 hadi 100 huongeza desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio hulitambua lakini halishtuki.

Viungo vya nyuma huwatia watu hofu bure. Kilicho muhimu zaidi leo ni HDMI, waya mmoja unaobeba picha na sauti pamoja. King'amuzi na kichezeo huingia kwenye matundu ya kuingizia, na tundu la kutolea huenda kwenye runinga. Tundu hilo likiandikwa ARC, waya huo huo huirudisha sauti ya runinga kwenye risiva, mradi uunganishe kwenye tundu la runinga lenye herufi hizo hizo na uifungulie huduma hiyo katika mipangilio. ARC ilikuja mwaka 2009, kwa hiyo risiva kongwe zaidi haina. Risiva za zamani zina kasoro nyingine: nyingi hazipitishi picha ya 4K yenye ulinzi. Tiba yake ni nyepesi: peleka picha moja kwa moja kwenye runinga, na sauti uirudishe kwa ARC au kwa waya wa mwanga. Waya huo wa mwanga hubeba 5.1 ya kawaida bila taabu.

Waya za spika zataka mkono mtulivu. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza spika moja, besi hupotea na utailaumu mashine. Uzi mmoja wa shaba ukichomoza na kugusa wa pili, risiva hujizima, au hufa. Tazama pia omu: spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba kwenye tundu moja huwa omu 4, mzigo ambao risiva nyingi za bei ya chini hazikuundwa kuubeba.

Nyumba za kupanga za mawe na sakafu ya vigae huirudisha sauti kwa mwangwi. Zulia na pazia nzito hufaa kuliko spika ya ziada. Wufa iondoe kwenye ukuta wa jirani, kwani besi hupenya mawe. Jambo hili lina sheria: kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika makazi, na usiku wao huanza saa mbili.

Ukisikiliza kisomo cha Qurani, zima madoido ya ukumbi na uwanja, uchague sauti ya spika mbili za mbele. Sauti ya msomaji mmoja haikuundwa kuzungushwa chumbani, na ikizungushwa herufi hufifia.

Mwisho ni hewa. Risiva hutoa joto jingi. Iachie nafasi juu yake, wala usiifunike kitambaa cha mapambo, hata katika baridi ya Nyeri. Kwetu pwani adui ni chumvi, ambayo huzisaga shaba za matundu, basi zifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya miezi michache. Na wakati wa masika, radi zikianza kunguruma upande wa mlima, chomoa plagi ya umeme pamoja na waya wa antena. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.